Mwalimu Huyu Ametoka Wapi?

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya swali ambalo akina mama wengi hatuliulizi tunapomwandikisha mtoto shule. Tunauliza ada, tunauliza sare, tunauliza kama kuna uji wa saa nne. Hatuulizi kama mtu atakayeshinda na mtoto wetu kutwa nzima aliwahi kusimama mahakamani na kutiwa hatiani.

Sisi tunaona kwamba mwalimu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai anapaswa kumweleza mwajiri wake mwenyewe, bila kungoja aulizwe. Hatusemi kila aliyefungwa afukuzwe. Yuko aliyegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, akatumikia kifungo chake, akamaliza. Huyo akisema kweli asikilizwe, na pengine arudishiwe chaki yake. Lakini aliyehukumiwa kwa kumdhuru mtoto ni habari nyingine. Akitubu tumsamehe, tukae naye benchi moja kanisani, ila darasa asikabidhiwe.

Walimu wa serikali wako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na makao yake makuu yapo hapa Dodoma. Tume hiyo ndiyo hushughulikia ajira na nidhamu yao, kwa hiyo mwalimu anayefukuzwa Mpwapwa ana jalada. Hofu yetu iko kule ambako jalada halifuatwi: shule za watu binafsi, twisheni za jioni, na, tuseme wazi, chekechea za makanisa yetu wenyewe. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mitaa kama Nzuguni na Ihumwa imejaa watu wageni na shule mpya. Kijana anafika, anaimba vizuri kwaya, mzee mmoja anasema anamfahamu shangazi yake, na Jumatatu anaanza kazi. Jeshi la Polisi hutoa hati, kwa kupima alama za vidole, inayoonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu. Kamati ya shule iidai. Tena impigie simu mkuu wa shule alikotoka.

Hata hivyo hati peke yake haitoshi. Huko Uingereza, mwaka 2002, wasichana wawili wa miaka kumi waliuawa katika mji mdogo wa Soham na mtunzaji wa majengo ya shule. Alikuwa amewahi kulalamikiwa mara kadhaa kwa mambo ya wasichana, lakini hakuwa ametiwa hatiani kwa hayo, na malalamiko hayo hayakufika kwa waliomwajiri.

Na hapa kwetu ndipo penye uchungu, akina mama. Binti anapewa mimba na mwalimu. Wazee wanakaa chini ya mti, ng'ombe wanatajwa, fedha zinahesabiwa, na mama mtu anaambiwa asiiaibishe familia. Siku ya kesi binti hatokei, au anasema hamjui mhusika. Kesi inafutwa. Mwalimu anahamia wilaya nyingine, na huko akiulizwa kama amewahi kutiwa hatiani anajibu hapana, wala hasemi uongo! Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Sisi tunavyoona, adhabu ilivyopanda ndivyo na bei ya kunyamaza ilivyopanda.

Tusidhani ni watoto wachache. Uchunguzi uliofanyika nchini mwaka 2009, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana 1 katika kila 7. Si wote walitendewa na walimu, lakini idadi hiyo inatisha.

Wenzetu wa Kenya walikwenda mbele hatua moja. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamuru wasichana wawili wa Nakuru, waliodhulumiwa na mwalimu wao mwaka 2010, walipwe fidia ya shilingi milioni 2 na milioni 3 za Kenya. Hakumbana mwalimu peke yake. Tume iliyomwajiri nayo ilionekana kuwajibika, na jaji aliikemea kwa tabia ya kuwahamisha watu wa namna hiyo shule hadi shule.

Huenda mama mwenzetu unasema, mimi ni nani niulize habari za mwalimu? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha serikali ya mtaa au kijiji. Likitokea nyumbani kwako au kwa jirani, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na usimwogeshe mtoto kabla hajaonwa na daktari. Wasioweza kufika wapige simu namba 116, haitozwi pesa. Na kama baba watoto ameshaanza kuitisha kikao cha ukoo, wewe tangulia polisi, kikao kitakukuta.