KUKU WOTE SI SAWA

Watu wengine husema nyama ya kuku haina mafuta. Wengine husema kuku wa dukani ni mafuta matupu. Nani msema kweli? Maoni yangu ni kwamba wote wanakosea. Wanazungumza kana kwamba kuku wote ni sawa. Kosa hilo linaweza kumdhuru mzee na mtoto wanaoishi nyumba moja.

Siku hizi ukienda Sumbawanga mjini utaona kuku wa pakiti kwenye friji za maduka. Kuna kuku mzima, kidari, mapaja, mabawa na soseji. Wewe unajua kusoma. Basi soma pakiti kabla ya kutoa fedha. Baadhi ya pakiti huonyesha mafuta na kilokalori. Kilo hupima uzito wa mahindi. Kilokalori hupima nguvu tunayopata katika chakula.

Kwa nini tarakimu hizo hazilingani? Kwanza fahamu jambo moja. Gramu 1 ya protini, inayojenga mwili, ina kilokalori 4. Gramu 1 ya mafuta ina kilokalori 9. Kwa hiyo mafuta yakizidi kidogo, nguvu huzidi sana. Sasa tuangalie sababu zenyewe.

1. Sehemu ya kuku na ngozi yake. Gramu 100 za kidari kibichi bila ngozi zina mafuta gramu 3 hivi na kilokalori 120 hivi. Gramu 100 za paja bichi lenye ngozi zina mafuta gramu 16 au 17, na kilokalori 220 hivi. Ngozi ndiyo ghala la mafuta. Karibu theluthi moja ya uzito wake ni mafuta.

2. Ufugaji. Kuku wa kisasa wa nyama hukaa bandani, hula sana na hutembea kidogo. Huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6 hivi. Kuku wa kienyeji anayepekua kutwa nzima kule Laela au Matai kwa kawaida ana mafuta machache. Lakini mtetea mkubwa aliyeshiba mahindi naye huweka mafuta ya manjano tumboni.

3. Vitu vilivyoongezwa. Katika soseji, nyama huweza kusagwa pamoja na ngozi, mafuta, unga na chumvi. Vipande vilivyopakwa unga na kukaangwa hunywa mafuta. Nyama nyingine hutiwa maji yenye chumvi. Maji yana uzito lakini hayana kilokalori. Hapo tarakimu hushuka, nawe unalipia maji kwa bei ya nyama.

4. Kipimo. Pakiti moja huhesabu kwa gramu 100. Nyingine huhesabu kwa kipande kimoja. Usilinganishe mpaka vipimo viwe sawa.

Je, mafuta ni adui? Hapana. Inategemea nani anakula. Mzee mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo apewe nyama isiyo na ngozi, na asizoee soseji, kwa sababu ya mafuta na chumvi. Lakini mtoto aliyetimiza miezi 6 ana tumbo dogo na anakua upesi. Yeye anahitaji nguvu nyingi katika chakula kidogo. Uji mwepesi humjaza tumbo tu.

Jambo hili si dogo kwetu. Ufipa ina mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ghala limejaa, lakini mtoto hakui. Kwa hiyo naona si busara kuuza mayai na kuku wote wa nyumbani, kisha kununua soseji mjini.

Sufuria moja inaweza kuwafaa wote. Chemsha kuku hadi aive vizuri. Mzee mvulie ngozi. Ponda nyama laini uitie katika uji mzito wa mtoto. Supu ifunike. Ikipoa usiku katika baridi yetu ya Juni na Julai, mafuta huganda juu. Yatoe kwa kijiko. Asubuhi ichemshe supu tena, umpe mzee. Mafuta yale usiyatupe. Yapikie mboga ya mtoto.

Kwa watengenezaji nina neno moja. Andikeni pakiti zenu kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mwananchi amejifunza kusoma ili ajue anachokula. Maandishi madogo ya Kiingereza yanamfungia mlango.

Nawe msomaji, usinunue kwa kutazama picha ya kuku. Soma, linganisha, kisha amua ni nani atakayekula.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini paja lenye ngozi lina nguvu kuliko kidari kisicho na ngozi?
2. Nyumbani kwako, nani anahitaji mafuta zaidi, na nani apunguze?
3. Mwezi uliopita uliuza mayai mangapi? Watoto walikula mangapi?