Mnacheka Mchungaji, Lakini Maziwa Yenu ni Maji

Juzi nimeona video kwa status za wasee wa mtaa. Ng'ombe wamejaa kando ya Outering Road, mchungaji yuko nyuma na fimbo yake, na mtu ameandika: "Ushamba imetufuata hadi Eastlands." Chini yake ni vicheko tu.

Zii. Hapa tutakosana.

Kwanza, jina Nairobi ni la Kimaasai: Enkare Nairobi, maji baridi. Ng'ombe walikunywa maji hapa kabla reli ifike 1899. Kisha Mwingereza akawasukuma Wamaasai kwa mikataba ya 1904 na 1911, akachukua nyasi nzuri. Ukame wa 2009, 2017 na 2022 ulipokaza, wakaingia mjini kutafutia mifugo chakula. Sasa mgeni hapa ni nani?

Pili, hizo imani mnazocheka. Wamaasai husema Enkai ndiye aliwateremshia ng'ombe kutoka mbinguni. Sawa, usiamini. Lakini cheki vile imani hiyo inamfanya mtu aishi. Mama akikama, anamwachia ndama chuchu zake. Nyama na maziwa hazichanganywi. Nyasi ni alama ya amani. Kibuyu kinasafishwa kwa kijinga cha moto, si kwa kusuuza tu. Wakalenjin nao wana mkaa wao wa senetwet, ule wa mursik. Mwanariadha akinyweshwa mursik pale JKIA mnapiga makofi. Hapo si ushamba tena, eti ni utamaduni?

Na sisi je? Kuna duka mtaani kwetu, sitalitaja, tulinunua maziwa ya kupima hapo miezi mingi. Chai ilikuwa inatoka na rangi ya huruma. Mathe akichemsha, hakuna hata utando juu. Kumbe jamaa alikuwa anaongeza maji ya mfereji. Mtoto wa sista yangu ndiye alikuwa anapewa hayo maziwa, na alikuwa haongezi kilo. Tulipomuuliza huyo jamaa, alisema tu, "Si kila mtu anafanya hivyo?" Hakuna mwiko uliomshika mkono.

Sisemi kila imani ni dhahabu. Kuna wafugaji walioamini ukichemsha maziwa, ng'ombe anakauka. Hiyo kataeni kabisa. Brusela na TB ya ng'ombe hupitia kwa maziwa mabichi. Na mama anayekama kila asubuhi anafaa kuwa na ng'ombe kwa jina lake, si maziwa peke yake. Hayo tuyaseme usoni. Lakini kukosoa mtu unamjua, na kumcheka mtu hujawahi kumuuliza swali hata moja, ni vitu viwili tofauti.

Kwa hivyo kabla upost ng'ombe wa watu, angalia kikombe chako kwanza. Mchungaji ana mwiko unaomzuia kuharibu chakula. Wewe na muuza maziwa wako, mnazuiwa na nini?