Mpaka wa Falsafa na Uchumi

MIZANI
Na Mwana Mizani

Adam Smith, ambaye wanauchumi humtaja kuwa mwasisi wa taaluma yao, alikuwa profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa kilitanguliwa, mwaka 1759, na kingine kuhusu hisia za kimaadili, bila yeye kuona kwamba amevuka mpaka wowote. Mpaka ulikuja baadaye, tena kwa njia ya mitaala: huko Cambridge, Alfred Marshall alipigania uchumi utengwe na masomo ya sayansi za maadili, akafanikiwa mwaka 1903, na tangu hapo palikuwa na nafasi za kazi za kulinda.

Uzio wa hoja uliimarishwa mwaka 1932, Lionel Robbins alipoufafanua uchumi kuwa sayansi ya namna binadamu wanavyogawa njia haba kwa malengo mengi, huku akishikilia kwamba hakuna kipimo cha kisayansi cha kulinganisha manufaa, yaani kiasi cha kuridhika, ya mtu mmoja na ya mwingine. Kwa hiyo anayedai kwamba shilingi elfu moja ina uzito zaidi kwa fukara kuliko kwa tajiri anatoa hukumu ya kimaadili. Robbins hakumkataza mwanauchumi kutoa hukumu hiyo. Alitaka tu ajue kwamba haitoi kama mwanasayansi, tahadhari ambayo wengi waliomfuata waliisahau.

Bila ulinganisho huo, kilichobaki ni kigezo cha Vilfredo Pareto, kinachoikubali hali mpya kuwa bora pale tu angalau mmoja anaponufaika bila mwingine kupoteza. Amartya Sen alionyesha kwamba jamii inaweza kukitimiza kikamilifu huku baadhi wakikaribia kufa njaa na wengine wakiogelea katika anasa, mradi fukara hawezi kuinuliwa bila tajiri kupunguziwa. Maadili hayakufukuzwa, yaliingia bila kukaguliwa, yakiwa upande wa mwenye navyo.

Wanafalsafa nao, ambao wengi wao hujadili haki ya mgawanyo kwa mifano ya kubuni bila kujali bei wala kodi, hawana la kujivunia. Utafiti wa Sen wa mwaka 1981 kuhusu njaa ya Bengal ya 1943 ulihitaji takwimu za mavuno na ujira ili kuonyesha kwamba upungufu wa chakula pekee haukutosha kueleza vifo vile, na ulihitaji pia kuuliza ni nani, kwa sheria na desturi za soko, aliyekuwa na haki ya kupata chakula hicho.