Rudieni Mchezo Pamoja

Wazazi wengi wakimwona mtoto na simu wakati wa likizo, na kwenye skrini pana ubao wa sataranji, au chesi kama mnavyoiita, husema anapoteza muda. Mara nyingi husema kweli. Ukicheza mechi kumi za dakika tatu tatu bila kurudia hata moja, utakachozoea ni kubonyeza haraka. Lakini mechi moja iliyokwisha, ikirudiwa mtandaoni na wenzako wawili watatu, ni darasa, na nadhani linakuhusu hata kama huna nia ya kuwa bingwa.

Chukua tovuti ya Lichess, ambayo ni ya bure. Mechi zako huhifadhiwa hatua kwa hatua. Unaweza kuwaalika wenzako, kila mmoja akiwa kwao, mkatazama ubao uleule, mkarudi nyuma, mkachora mishale kuonyesha njia ambayo haikufuatwa. Haitumii data nyingi, kwani kinachosafirishwa ni hatua za kete, si video.

Faida kubwa huletwa na mwenzako anayeuliza. Ukirudia peke yako utakimbilia pale ulipopoteza malkia, useme "nilikosea", ufunge simu. Mwenzako atakusimamisha hatua sita kabla ya hapo: "Hapa ulikuwa unafikiria nini?" Sasa huna budi kueleza fikra zako kwa maneno, na ndipo unapogundua kwamba kosa lilianza ulipomwondoa farasi mahali alipokuwa akilinda, wakati ule bado ulijiona unashinda.

Hata mabingwa huhitaji wenzao. Mwezi Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov alikubali kushindwa na kompyuta ya Deep Blue katika mchezo wa pili. Kesho yake marafiki zake wakamwonyesha njia ambayo waliona ingempa sare.

Kinachoniudhi ni kile kitufe cha uchambuzi wa kompyuta. Kizimeni kwanza. Jibu likishatoka, hakuna tena anayefikiri. Ni sawa na yule anayefanya karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita huku mwongozo wa kusahihisha uko wazi pembeni yake, halafu anajipa alama themanini. (Ninawaona kila muhula.) Kila mmoja aandike hatua ambayo angeicheza na sababu yake, mbishane, ndipo mkiwashe.

Jaribuni vivyo hivyo kwa swali la hesabu mlilokosa katika mtihani wa majaribio. Aliyekosa aeleze mstari kwa mstari alichokuwa akifikiria, wenzake wamsimamishe wakiona shaka, mwongozo ukae umefungwa. Kikundi kisizidi watu wanne, na yule hodari wenu asubiri, azungumze mwisho.