Pensheni ya wazee: Zanzibar haki, Kasulo bahati

MKAZI wa Zanzibar aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii na Serikali, awe aliwahi kuajiriwa au la. Mpango huo ulianza Aprili 2016 kwa Sh20,000 kwa mwezi. Mkulima wa umri huo Kasulo, wilayani Ngara, hana haki hiyo.

Kimbilio lake ni mpango wa Tasaf wa kunusuru kaya maskini, unaopima ufukara wa kaya, si umri. Kaya isipoorodheshwa, mzee hubaki mikononi mwa wanawe.

Kagera yenyewe ina mfano. Mwaka 2003, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza kuwapa wazee pensheni ndogo, wakiwamo bibi wanaolea yatima. Mwaka huohuo ilitolewa Sera ya Taifa ya Wazee. Sera ipo; fungu la bajeti ndilo linalosubiriwa.