Beni: mtoto mgonjwa naye anahitaji mchezo

Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020, ndege za misaada zilitua Mavivi. Mjini Beni, ndani ya vyumba vya CUBE vya shirika la ALIMA, mgonjwa alilala nyuma ya ukuta wa plastiki unaoona. Mama nje, mtoto ndani. Waliopona Ebola waliweza kuwabeba watoto wagonjwa.

Huko Marekani, HopeLab ilitoa mchezo wa video Re-Mission mwaka 2006: kijana mwenye saratani anapiga vita ugonjwa ndani ya mwili. Utafiti wa 2008 kwa vijana 375 ulionyesha kwamba waliocheza walifuata dawa zao vizuri zaidi. Haukuponya saratani, lakini hilo si dogo.

Vijana wa Beni na Butembo wanaojua kompyuta wanaweza kutengeneza wa kwao. Ila wasinakili tu. Uzungumze Kiswahili na Kinande, uchezwe bila intaneti, na uwe wa watu wawili: mama na simu yake nje, mtoto na yake ndani, ile isiyotoka tena bila kusafishwa. Wauguzi waseme kinachoruhusiwa kuingia. Lakini wa kwanza kuulizwa wawe watoto waliopona. Wako Mangina, wako Beni, wako Butembo.