Mama Robinson Naye Aliiba

Kila nikitaja Lost in Space ya Netflix, mtu ananiambia, "Aah, ile ya familia! Tamu sana." Baba, mama, watoto watatu, chombo kimeanguka kwenye barafu ya sayari wasiyoijua, wanapendana, wanaokoana. Tamu ni tamu, sikatai. Lakini mimi naona tumedanganywa. Hii ni hadithi ya mchujo, na tumetazama vipindi vyote 28 bila kuuliza ni nani aliyebaki Duniani.

Tuanze na Will, kitinda mimba. Dunia imeharibika, na anayetaka kwenda Alpha Centauri kuanza maisha mapya lazima apite majaribio. Will anafeli. Mama yake, Maureen, ni mhandisi, anawajua watu. Anapitia kwa mtu wa ndani, matokeo yanabadilishwa, jina la mtoto linaingia kwenye orodha. Nasi tunafuta machozi: mama ni mama.

Sasa mwangalie June Harris. Huyu hana mtu wa ndani. Anamlewesha dada yake dawa na kusafiri kwa jina lake. Mambo yakiharibika angani, anamwacha mwanamume aliyejeruhiwa na kuondoka na koti lake, na kuanzia hapo anaitwa Dr. Smith. Tunamzomea mpaka mwisho.

Najua utakachosema. June aliumiza watu, Maureen hakuumiza mtu. Kweli, June ni mkatili, na simtetei. Lakini hebu fikiria: kama nafasi zinahesabiwa, Will alikalia kiti cha nani? Kuna mtoto mahali alipita, akangoja kuitwa, na hakuitwa. Tofauti ni kwamba mtu aliyeumizwa na June tulionyeshwa damu yake. Yule wa Maureen kamera haikumfuata nyumbani.

Na usidhani ni Netflix pekee. Lost in Space ya kwanza, ya Irwin Allen, ilionyeshwa na CBS kuanzia 1965 hadi 1968. Humo akina Robinson wamechaguliwa kati ya watu zaidi ya milioni 2 waliojitolea, na Dr. Smith ni mhujumu anayekwama ndani ya chombo siku ya safari. Kinachokitoa chombo njiani ni nini? Uzito wake. Yaani uzito wa mtu mmoja asiye kwenye orodha ndio unaopoteza familia nzima! Halafu wale mamilioni waliokataliwa hatuwasikii tena. Hadithi ilikatwa 1968 bila mwisho, akina Robinson wakiwa bado wamepotea, na watu wanawahurumia mpaka leo.

Hapa ndipo inaponiuma. Sisi tuliokalia dawati la KCPE tunaujua mchezo huu. Tunajua karatasi moja inavyoweza kumgawa mtoto wa nyumba hii na wa nyumba ile. Tunajua pia kwamba kuna wazazi ambao simu moja inawatosha, na kuna wanaopanga foleni na bahasha ya kaki tangu asubuhi, wakaambiwa nafasi zimejaa. Halafu jioni tunakaa kwenye kochi tunamshangilia mwenye simu, kwa sababu ana sura nzuri na anampenda mwanawe. Kwani yule wa foleni hampendi wake?

Simlaumu Maureen kwa kumpenda Will. Nawalaumu waandishi waliofanya wizi wake uwe mapenzi na wa mwenzake uwe uovu, kisha wakaacha mchujo wenyewe bila kesi.

Kwa hivyo, nyinyi mnaoandika hadithi za anga hapa kwetu, ombi langu ni dogo. Familia iliyopotea angani tumeiona ya kutosha. Niandikieni ya mtoto aliyepita, akafunga begi, akakaa mlangoni akisubiri gari ambalo halikuja.